Reli Itanunua kwa Aliyejipanga

Kila taarifa ya reli inaporejea redioni, swali ninaloulizwa sokoni Gesima ni lile lile: "Wataandika watu lini?" Huuliza kijana aliyemaliza kidato cha nne, huuliza mama mwenye mwana aliyekaa Nairobi bila kazi, huuliza mzee aliyesoma gazeti la jana. Swali hilo lina haki yake, nami silidharau. Lakini nimekaa miaka mingi upande wa mnunuzi katika miradi ya ujenzi, na nimeona fedha zinavyopita. Msimamo wangu ni huu: sehemu kubwa ya fedha za reli inayoweza kufika Gesima haitakuja kama ujira wa kibarua. Itakuja kama malipo ya ndizi, maziwa, mboga, nguzo, kokoto, matofali, ulinzi, usafiri na nyasi za kushikilia udongo wa kingo. Na itamfikia aliyejipanga mapema, kwa sababu siku kambi ya mkandarasi inapofunguliwa, orodha ya wanaomuuzia huwa imekwisha kujaa.

Tuanze na ramani. Reli ya kisasa, SGR, ilianza kujengwa Mombasa mwishoni mwa 2014, na treni ya abiria ikazinduliwa tarehe 31 Mei 2017. Kilomita 472 za kuingia Nairobi ziligharimu takriban shilingi bilioni 327, sehemu kubwa ikiwa mkopo wa benki ya Exim ya China. Oktoba 2019 reli ikasogea kilomita 120 zaidi hadi Suswa, ikakwama hapo. Kipande kinachofuata, cha kilomita 260 hivi, kimechorwa kupita Narok na Bomet, kikagusa pembe za Kericho na Nyamira, kisha kikashuka Sondu na Ahero hadi Kisumu. Baada ya Kisumu ni Malaba. Mpango huo sasa umerudi mezani, na Mkenya anayenunua bidhaa kutoka nje amekuwa akiuchangia tangu 2013, mwaka ulioanzishwa ushuru wa maendeleo ya reli. Wadi yetu ya Gesima haimo kwenye mstari. Iko juu huku Kitutu Masaba, Kaunti ya Nyamira, jirani ya Borabu, na lori lililopakia hapa huenda Keroka kushika barabara ya Sotik na Bomet. Tuko karibu vya kutosha kuuza, na mbali vya kutosha kusahaulika tusipobisha hodi.

Kusahaulika hakutakuwa jambo geni kwetu. Reli ya kwanza ilifika Kisumu Desemba 1901, na milima ya Gusii ikaachwa kando. Kwa miaka mingi mazao ya huku yalishuka hadi gati la Kendu Bay yakapakiwe melini kuvuka ghuba kwenda Kisumu, ndipo yaipate treni. Kila mkono yaliopitia ulikata sehemu yake, na mkulima akabaki na kilichosalia. Sitaki wajukuu wetu wasimulie hadithi ya pili inayofanana na hiyo.

Sasa tuuangalie mradi wenyewe unavyotumia watu. Ujenzi wa reli huja kwa mawimbi. Wimbi la kwanza ni la wapima ardhi, kusafisha njia na kuchimba. La pili ni la makaravati, madaraja na tuta, na hapo ndipo mikono mingi huhitajika: wafunga nondo, waashi, maseremala wa fomu za zege, madereva, vibarua wa sepetu na karai. La tatu ni la kulaza mataruma na vyuma, kazi inayofanywa kwa mashine na watu wachache. La mwisho ni la mitambo ya ishara na mawasiliano, lenye mafundi waliosomea. Kilomita 472 za Mombasa hadi Nairobi zilikamilika kwa takriban miaka miwili na nusu. Gawanya muda huo kwa urefu ule, uone kijiji kimoja kinapata miezi mingapi ya wimbi la pili. Kijana anayengoja kuandikwa anangoja kazi ya miezi, na ikipita anarudi alipokuwa. Kazi hiyo ni halali na inajenga nyumba, lakini haiwezi kuwa mpango wa wadi nzima.

Kununua kuna mwendo mwingine. Mkandarasi mkuu huigawa njia vipande, na kila kipande kikawa na kambi yake, mhandisi wake na afisa wa manunuzi wake. Afisa huyo ana orodha ya mahitaji ya kila wiki, na usiku hamfikirii mwenyeji wala mgeni. Anafikiria kama kesho watu watakula na kama mchanga utafika kabla ya zege kumiminwa. Akishapata wauzaji wawili watatu wasiomwangusha, hatafuti tena. Ndiyo maana mizigo midogo ya kambi huishia kwa mfanyabiashara mmoja wa mjini mwenye lori, vyeti na subira ya kungoja malipo, ambaye naye hununua kwa mkulima shambani kwa bei anayoitaka mwenyewe. Ndizi inaweza kutoka Gesima, ikalipwa bei ya Gesima, na faida ikalala Nakuru.

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme kambi moja ina watu 500, na kila mmoja anakula nusu kilo ya ndizi za kupika kwa siku. Hizo ni kilo 250 kila siku, tani saba na nusu kwa mwezi, bila kutaja maziwa, mayai, kabeji, sukuma wiki na viazi. Hakuna shamba moja la nusu ekari Gesima linaloweza kutoa kiasi hicho kwa mwezi, sembuse kwa miezi ishirini mfululizo. Wakulima 60 wanaokata kwa zamu, wakijua ni nani anapeleka mikungu mingapi Jumatatu na ni nani Alhamisi, wanaweza. Tatizo letu halijawahi kuwa ardhi kukataa kuzaa. Ukuta wa kwanza, unaotukosesha soko, ni kuvuna wote wiki moja, kuuza kwa macho bila mizani, na kila mtu kumngoja dalali kwa lango lake.

Hata kundi hilo likipatikana, kuna ukuta wa pili, nao ndio unaowaangusha wengi. Kampuni kubwa hailipi mkononi. Hupokea mzigo, hutia sahihi, hukusanya hati za mwezi, kisha hulipa baada ya siku 30, 60, wakati mwingine zaidi. Chukua muuzaji anayepeleka chakula cha shilingi 30,000 kwa siku. Akilipwa baada ya siku 60, anahitaji shilingi milioni 1.8 zilizokaa nje kabla senti ya kwanza haijarudi. Nimemwona kwa macho yangu mama mmoja mchapakazi aliyepata oda ya kulisha kambi ya barabara. Alipeleka wiki tano bila kukosa, akakopa kwa majirani, akauza ng'ombe, kisha akanyamaza. Malipo yake yalipotoka, oda ilikuwa imeshakwenda kwa mwingine. Alishindwa kwa sababu hapakuwa na chombo cha kumbebea muda. Kwa hiyo ninaposema Gesima ijiandae, jambo la kwanza ninalomaanisha ni mtaji wa kungojea.

Ukuta wa tatu ni ubora, na hapa pana mkanganyiko ninaotaka kuuondoa. Watu hunitajia mawe: "Sisi Gusii tuna mawe, reli inataka mawe." Jiwe letu lenye jina duniani, lile la Tabaka linalochongwa vinyago na sahani, sifa yake ni ulaini. Ukilitia chini ya mataruma litasagika kuwa unga. Kokoto ya reli hutoka kwenye mwamba mgumu, huvunjwa kwa mashine ili vipande viwe na kingo kali na ukubwa unaolingana, na hupimwa maabara kuona inavyovumilia kugongwa na kukwaruzwa. Treni ya mizigo hutikisa tuta kila siku. Kokoto za mviringo au laini huteleza na reli hupinda. Kina mama wanaogonga mawe kando ya barabara kwa nyundo hawataingia kwenye mnyororo huo, na anayewaahidi hivyo anawadanganya. Lakini mawe yao yanaweza kuingia kwenye mitaro, sakafu za kambi, kuta za kuzuia maporomoko na barabara za kufikia eneo la kazi, na huko nako hutumika malori kwa malori. Vivyo hivyo tofali letu la kuchoma halitajenga daraja, ila linajenga bweni la wafanyakazi na choo cha kambi. Mkaratusi hautakuwa taruma, kwani mataruma ya SGR ni ya zege, ila ni jukwaa la waashi na nguzo ya uzio wa muda. Kujua mzigo wako unaingilia mlango gani kunakuokolea miezi ya kubisha mlango usiofunguka.

Kuna mlango mmoja ambao sijasikia mtu akiutaja Gesima, nao unanivutia kuliko yote. Nchi ya milima hulazimisha reli kukata vilima na kujaza mabonde. Kila tuta na kila ukingo uliokatwa lazima ufunikwe haraka kwa nyasi, la sivyo mvua zetu, ambazo hapa hazina mchezo, zitaushusha. Nyasi hizo zinahitaji vitalu, miche ya mamia ya maelfu, watu wa kupanda na watu wa kutunza. Wanawake wa Gusii wamekuwa wakipanda nyasi za kushikilia matuta kwenye mashamba yenye mteremko tangu enzi za mama zao. Huu ni ujuzi tulio nao tayari, na ardhi yake haizidi robo ekari kwa kikundi.

Nijibu sasa mambo matatu ninayosikia sana. La kwanza: "Sheria itawalazimisha watununulie." Ni kweli kwamba Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 inataka mzabuni wa kigeni apate angalau asilimia 40 ya mahitaji yake kwa wakandarasi raia, na tangu 2013 kuna mpango wa kutengea vijana, wanawake na watu wenye ulemavu asilimia 30 ya zabuni za serikali. Lakini miradi inayotokana na makubaliano ya serikali kwa serikali inaweza kuwa nje ya sheria hiyo. Mahakama ya Rufaa ilisema Juni 2020 kwamba ununuzi wa awamu ya kwanza ya SGR ulivunja sheria. Juni 2023 Mahakama ya Juu ikaona kwamba makubaliano ya aina ile yalikuwa nje ya sheria ya ununuzi ya wakati huo. Isitoshe, mkataba ukisema "bidhaa za ndani" unamaanisha Kenya nzima. Saruji ya Athi River huhesabiwa kuwa ya ndani sawasawa na ndizi ya Gesima. Asilimia 40 inaweza kutimizwa kikamilifu kwa saruji, nondo na mafuta ya dizeli bila shilingi moja kupanda mlima huu.

La pili: "Kazi zitapitia kwa chifu na mwakilishi wadi, kwa hiyo jina langu liingie kwenye orodha." Orodha za majina huzaa uhasama kuliko zinavyozaa ajira. Agosti 2016 vijana wa Narok waliwavamia wafanyakazi wa reli wakidai kazi, na watu wakaumia. Hasira ile ilikuwa na sababu, lakini haikubadilisha idadi ya nafasi zilizokuwapo. Mhandisi wa kipande anapohitaji wafunga nondo ishirini, hatafuti majina, anatafuta vyeti. Huku kwetu tuna vijana wengi waliojifunza uashi na uchomeleaji mjengoni bila karatasi. Mamlaka ya mafunzo ya viwanda, NITA, hufanya mitihani ya ufundi kwa madaraja, na siku hizi kuna utaratibu wa kutambua ujuzi mtu alioupata kazini. Fundi mwenye cheti cha daraja la kwanza ana sauti ambayo orodha ya chifu haiwezi kumpa.

La tatu ni hofu kwamba wageni wataleta kila kitu na kila mtu, na tumaini la upande wa pili kwamba stesheni itazaa mji. Yote mawili yamepita kiasi. Vibarua wa awamu zilizopita walikuwa Wakenya kwa maelfu. Waliokuwa wachache ni Wakenya katika meza za kupanga na kununua. Na stesheni peke yake haizai mji. Suswa ilipata stesheni mwaka 2019 na bado haijawa Nakuru. Tena reli ya mizigo huondoa malori barabarani: serikali ilipoelekeza makontena kwenye SGR, watu wa malori Mombasa walifanya maandamano wiki baada ya wiki mwaka 2019, na miji iliyoishi kwa madereva kando ya barabara kuu ikahisi. Keroka na Chepilat, zinazouza chai na chapati kwa wapita njia, ziliangalie jambo hilo mapema.

Dawa ni zipi? Ya kwanza iko mikononi mwetu. Wazee wetu walikuwa na risaga, kikundi cha majirani kilicholima shamba la mmoja leo na la mwingine kesho. Msingi wake ulikuwa zamu na uaminifu, yaani vitu vile vile ambavyo afisa wa manunuzi anavitafuta. Risaga ya leo iandikishwe kuwa chama cha ushirika, iwe na mizani, daftari, namba ya KRA, cheti cha kutimiza kodi na ankara za kielektroniki zinazotakiwa sasa, na mtu mmoja anayelipwa kupokea simu ya kambi saa kumi na moja alfajiri. Kwanza iuzie shule za bweni na hospitali za jirani kwa mwaka mmoja. Muuzaji aliyelisha shule ya wanafunzi 600 bila kukosa ana barua ya kumwonyesha mkandarasi.

Ya pili ni ya sacco zetu. Zimezoea kukopesha kwa dhamana ya mshahara na bonasi ya majani chai. Zijifunze kukopesha kwa dhamana ya oda iliyotiwa sahihi na mzigo uliopokewa, fedha zikirudi moja kwa moja kwenye akaunti ya sacco. Mama yule aliyeuza ng'ombe alikuwa na karatasi za kutosha kumdhamini. Kilichokosekana ni mtu wa kuzisoma.

Ya tatu ni ya kaunti. Nyamira na Kisii zimevutana miaka mingi kuhusu mpaka wa Keroka. Kwa jambo hili zikae meza moja, pamoja na Bomet na Kericho, ambazo zote ni wanachama wa jumuiya ya kiuchumi ya kaunti za eneo la Ziwa. Ziige Uganda. Kanuni zake za mafuta za 2016 ziliorodhesha huduma na bidhaa zilizotengewa kampuni za Uganda, zikiwamo chakula, usafiri, ulinzi na vifaa vya ujenzi vinavyopatikana nchini, na wauzaji wakaandikishwa kwenye rejista moja ya taifa. Hoja yangu ni kwamba tushuke ngazi moja zaidi: mkataba wa kila kipande cha reli utaje chakula, ulinzi, kazi za nyasi, mitaro na usafiri wa karibu kuwa vya kaunti zinazopitiwa na majirani zake, katika mafungu madogo ambayo ushirika unaweza kuyabeba, na malipo yasizidi siku 30. Hayo yaandikwe kabla ya sahihi, kwani baada ya sahihi ni ombi tu. Wakati huo huo Kaunti ya Nyamira ilete watahini wa NITA karibu, na chuo cha ufundi cha Ekerubo Gietai kiandae kozi fupi za kufunga nondo, kuendesha mitambo na usalama kazini.

Ya nne inatazama mbali, na ndiyo ninayoiamini zaidi. Ujenzi utapita. Treni itabaki, pamoja na mitaro ya kuzibuliwa, nyasi za kukatwa na uzio wa kutengenezwa kila mwaka. Reli ya zamani ya Nakuru hadi Kisumu, kilomita 217, ilipofufuliwa kwa takriban shilingi bilioni 3.8 na treni ya abiria ikarudi Desemba 2021, kazi ilifanywa na Shirika la Reli pamoja na jeshi na vijana wa NYS. Ukarabati hutumia mikono na vitu vya karibu kuliko ujenzi mpya. Kandarasi za matunzo za kilomita chache chache zinaweza kupewa vikundi vya wenyeji kwa miaka. Na juu ya yote kuna chai. Viwanda vya Tombe, Nyankoba, Nyansiongo, Kebirigo na vingine vya Gusii hupeleka chai yao Mombasa mnadani. Ikiwa stesheni ya Bomet au Sondu itajengwa kwa ajili ya abiria tu, bila ghala, bila njia ya pembeni ya kupakia makontena, reli itapita mbele ya viwanda vyetu kama ndege inavyopita juu. Mchoro wa stesheni huamuliwa mapema, katika mikutano ya tathmini ya mazingira na ya maoni ya umma, ile ambayo huku kwetu huhudhuriwa na watu wachache wanaongoja soda.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji anayepona ni yule ambaye mgeni alimkuta na jiko limewashwa. Basi likija swali tena sokoni, nitalijibu kwa maswali yangu: kikundi chenu kimeandikishwa? Mizani iko wapi? Fundi wenu ana cheti cha daraja gani? Sacco imekubali kusoma oda? Nani atakwenda mkutano wa maoni kudai ghala la chai? Wadi yenye majibu ya maswali hayo haitahitaji kuuliza wataandika watu lini, maana itakuwa na wafanyakazi wake yenyewe wa kuandika, na soko lao litaendelea hata reli ikichelewa miaka mingine mitano. Shule, hospitali na miji zinakula kila siku.